Kuondoa mikwaruzo kwenye bampa na plastiki nyeusi za gari

Rangi ya bampa inayobanduka kwa mapande siku gari linapooshwa kwa maji ya presha, karibu kila mara imepulizwa juu ya plastiki ambayo haikuandaliwa. Ndiyo maana hatua ya 3 hapa chini ni ndefu kuliko zote.

1. Pima kwa ukucha

Osha kwa sabuni, kausha, kisha pitisha ukucha kukatisha mkwaruzo. Ukiteleza, mkwaruzo uko kwenye klia tu, yaani tabaka la juu linalong'aa lisilo na rangi. Ukinasa, umeingia kwenye rangi. Ukiona weusi au kijivu cha plastiki, nenda hatua ya 3. Doa linalotokeza juu ya uso ni rangi ya ukuta au ya gari lililokugusa. Litoe kwa kompaundi (krimu ya kusugulia rangi) kabla ya kuamua lolote.

2. Mikwaruzo ya klia

Msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, ukiwa umezungushiwa sponji, na maji yenye tone la sabuni. Sugua eneo dogo tu, ukae mbali na kingo, maana huko klia ni nyembamba na huisha haraka. Halafu kompaundi, halafu polishi. Mimi napendelea mkono, au mashine inayozunguka huku ikitikisika. Grenda yenye padi ya sufi usiisogeze kwenye bampa: plastiki haisambazi joto kama bati, hivyo rangi huungua sehemu moja kabla hujashtuka.

3. Mikwaruzo iliyofika kwenye plastiki

Chungulia nyuma ya bampa. Utakuta herufi zilizochongwa, kwa magari mengi ya Kijapani >PP< au >PP+EPDM<. Hiyo ni polipropilini. Maji huviringika juu yake, na rangi nayo haishiki. Ukikuta >ABS<, kama kwenye baadhi ya grili, kazi ni rahisi zaidi, ila tina (kiyeyushi cha rangi) hulainisha ABS, kwa hiyo usiisafishie.

Safisha kabla ya kupiga msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma polishi ya matairi na nta ndani ya mikwaruzo, na hapo rangi itafanya vishimo vidogo vya mviringo ambavyo havifichiki kwa kuongeza mkono mwingine wa rangi. Tumia spiriti na vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kinafuata kabla spiriti haijakauka yenyewe. Kitambaa kimoja huhamisha mafuta tu kutoka hapa kwenda pale. Petroli iache kabisa, huacha mafuta.

Piga msasa namba 320 kwenye kidonda, malizia 600 ukipanua sentimita chache kwenye rangi nzima inayozunguka. Polipropilini ikisuguliwa kavu huota manyoya. Isugue na maji. Safisha tena kwa spiriti, kausha vizuri.

Kama kuna shimo, jaza kwa puti ya plastiki. Puti ya kawaida ya bodi hukauka ngumu, bampa ikijikunja kidogo inapasuka. Na kama gari lina rada nyuma ya bampa, usiweke puti eneo hilo.

Sasa praima ya plastiki, yaani tabaka la kushikisha rangi, ambayo mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani. Mara nyingi ni ya maji maji isiyo na rangi, na hapo ndipo watu hukosea: wanapuliza nyingi ili waione. Puliza mkono mmoja mwembamba, au miwili, juu ya plastiki tupu. Ikiwa nene, yenyewe inageuka tabaka dhaifu linalobanduka na rangi juu yake. Usiipige msasa. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, nguvu yake ya kunata inapungua na inabidi uirudie. Juu yake weka praima ya kujazia, isugue kwa 600, ndipo rangi.

Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Toyota 040 ni nyeupe ya kawaida na 202 ni nyeusi. Lakini 070 ni nyeupe ya lulu, inapulizwa kwa tabaka tatu, na kopo moja la dukani halitaipata. Hiyo mpe fundi rangi.

Klia iwe ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), maana klia ya kopo la kawaida huharibiwa na petroli na jua. Vaa barakoa ya kuzuia kemikali. Ya kitambaa haizuii mvuke wa hadina.

4. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi

Hapa msasa ni marufuku: utafuta vinyweleo vya uso na kuacha doa laini la kudumu. Tumia mashine ya hewa moto, umbali wa sentimita 10 hadi 15, mkono ukitembea muda wote. Anza na moto mdogo, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Alama nyeupe zitageuka nyeusi. Uso ukianza kung'aa, ondoa moto mara moja, kwa sababu polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Funika rangi ya jirani kwa kitambaa kilicholowa na usiguse mpaka ipoe. Kiberiti cha gesi kinaacha masizi na kuunguza sehemu moja.

Mfereji uliochimbika hautajaa kwa joto, utafifia tu. Ukikukera, tafuta kipande kilichotumika cha gari lilelile.