Daktari mpya akisita kukuandikia dawa ya tezi ya shingo
Ukihamia mji mwingine na kukutana na daktari anayesita kukuandikia tena levothairoksini (dawa inayochukua nafasi ya homoni ya tezi ya shingo inapopungua), usiende kwake mikono mitupu: beba cheti cha dawa cha mwisho kinachoonyesha dozi yako kwa mikrogramu, na zaidi ya hapo majibu ya kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoihimiza tezi kufanya kazi, ambayo hupanda tezi inapodhoofika) yaliyochukuliwa kabla hujaanza dawa. Majibu hayo ya mwanzo ndiyo yenye uzito, kwa sababu TSH ya leo iliyo sawa mara nyingi huonyesha kwamba dawa inafanya kazi, wala si kwamba ugonjwa umekwisha, na hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama. Aliyeondolewa tezi yote kwa upasuaji aonyeshe barua ya hospitali, maana yeye huihitaji homoni hiyo maisha yake yote.

Daktari akitaka kupima upya, si vibaya. Mwombe tu akuandikie dozi ya muda wakati majibu yanasubiriwa. Dawa hii hupungua kwa nusu mwilini katika takriban siku 7, kwa hiyo kukosa vidonge siku mbili tatu kwa kawaida hakuleti madhara makubwa, lakini majuma kadhaa hurudisha uchovu, kuhisi baridi na kufunga choo. Mjamzito asisubiri hata kidogo, bali aende kliniki siku hiyo hiyo. Vidonge vya kuazima kwa jirani (jambo la kawaida kwetu) viepuke, kwani vya mikrogramu 25 na vya 100 huweza kufanana.