Kumzoesha joto mkimbiaji wa Nakuru: siku 14 Kisumu kabla ya marathoni ya jua kali

Mkimbiaji aliyekomaa katika ubaridi wa Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ana damu na mapafu yaliyojengeka vizuri, lakini mwili wake haujajifunza kutoa jasho la kutosha wala kulitoa mapema. Katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, wanawake 68 walianza marathoni karibu na usiku wa manane ili kukwepa jua, na bado 28 kati yao hawakufika mwisho. Ndiyo maana mwanariadha wangu akipangiwa mbio za mahali pa joto, tunateremka Kisumu mapema.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya safari. Mpime mwanariadha mapigo ya moyo katika mbio nyepesi za dakika 60 asubuhi, mara tatu kwa siku tofauti, kisha uandike wastani wake. Tuseme ni 142. Hiyo ndiyo nambari itakayomwongoza wiki nzima ya kwanza Kisumu, na saa ya kupima kasi ibaki mfukoni mwa kocha.

Hatua ya pili ni siku tano za mwanzo, na hapa ndipo makocha wengi tunapokosea. Kisumu iko chini ya Nakuru kwa mita 700 hivi, hewa ina oksijeni zaidi, na siku ya kwanza mkimbiaji huhisi mapafu mepesi kiasi kwamba anaongeza kasi bila kuambiwa. Lakini takriban robo tu ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto, na kila anapoongeza kasi joto hilo huongezeka. Moyo hulazimika kuigawa damu kati ya misuli inayodai oksijeni na ngozi inayotaka kupoa, na kwa kuwa damu hiyo haitoshi pande zote mbili, mapigo hupanda hata kasi isipobadilika. Mwaka mmoja niliruhusu kijana wangu akimbie kwa kasi yake ya Nakuru siku ya pili, saa tisa alasiri, na kilomita ya kumi na moja nikamkuta ameinama kando ya barabara, akitetemeka kwa baridi juani. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: akimbie dakika 60 hadi 90 alasiri, na mapigo yakipita 142 apunguze mwendo, hata ikibidi atembee.

Katika siku hizo tano plazima, yaani majimaji ya damu, huanza kuongezeka, na moyo hupata nafuu. Jasho huchelewa kidogo: kuanza kutoka mapema, kuwa jingi na kupungua chumvi huchukua siku saba hadi 14. Ukitaka kuona chumvi kwa macho, mvalishe fulana nyeusi, uiache ikauke kivulini, kisha ulinganishe michirizi myeupe ya mgongoni ya siku ya pili na ya siku ya kumi na mbili.

Hatua ya tatu ni kupima jasho, kazi inayohitaji mizani na taulo tu. Mpime uzito akiwa na chupi peke yake, akimbie saa moja, ajifute vizuri, kisha umpime tena. Akianza na kilo 58.4 na kumaliza na 57.1, na katikati alikunywa lita 0.4 bila kwenda haja ndogo, amepoteza lita 1.7 kwa saa, na uzito umeshuka kwa zaidi ya asilimia mbili. Tumbo la mtu anayekimbia haliwezi kupokea lita 1.7 kwa saa, kwa hiyo usimlazimishe kufidia zote. Mzoeshe kunywa kidogo kidogo, huku ukihakikisha hamalizi akiwa mzito kuliko alivyoanza, kwa sababu maji yakizidi hupunguza sodiamu katika damu, na hilo linaweza kuua.

Hatua ya nne: kuanzia siku ya sita, mazoezi ya kasi yafanywe saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa bado na ubaridi, na alasiri ibaki ya joto peke yake. Kuyachanganya yote mawili juani humchosha mkimbiaji bila kumpa kasi.

Siku ya kwanza, ya saba na ya kumi na tatu, rudia kilomita nane zilezile, saa ileile, kwa kasi ileile nyepesi. Mapigo yakishuka na jasho likiongezeka, mwili umepokea.

Wakati wote huo uwe na pipa la maji yenye barafu karibu nawe; barafu wauza samaki wa ufuo wa Dunga, Kisumu, wanayo. Mwanariadha akianza kuyumba au kujibu maswali ovyo, mzamishe hadi shingoni, umshikilie kichwa na kumpoza kwanza, ndipo apelekwe hospitali.

Faida hii huanza kupungua ndani ya siku chache baada ya kurudi Nakuru, kwa hiyo panga siku 14 ziishie karibu na safari ya mashindano. Pengo likizidi wiki moja, kila siku ya tatu avae koti na suruali nzito katika mbio nyepesi za adhuhuri, kwa dakika 45, mizani ikimsubiri mlangoni.