Kumpima askari mstaafu anayewaza kujiua: hatua ninazofuata kliniki

Wanajeshi wastaafu ninaowahudumia hapa Kenya, wengi wao wakiwa waliopigana Somalia baada ya jeshi letu kuingia huko Oktoba 2011, wana jibu moja kwa kila swali: "Niko sawa, daktari." Ndivyo walivyozoea kuripoti. Nawaandikia wauguzi na matabibu wenzangu wanaobaki na jibu hilo, wasijue wamruhusu mtu aende nyumbani au wamzuie.

Hatua ya 1: Mkalishe vizuri

Usimkalishe mgongo wake ukielekea mlangoni. Mtu aliyewahi kuvamiwa kambini hatasikia swali lako, atasikia nyayo nyuma yake. Mpe kiti cha ukutani. Aliyemleta asubiri nje; utamhitaji baadaye. Mweleze mapema ni yapi yatabaki kati yenu, na ni lini utalazimika kumhusisha mtu mwingine. Wengine huogopa kushtakiwa. Waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Nimeona hofu hiyo ikifunga midomo ya watu.

Hatua ya 2: Litaje neno lenyewe

Kuuliza hakumtii mtu wazo la kujiua. Utafiti umelionyesha hilo mara nyingi. Nenda ngazi kwa ngazi, kama yalivyopangwa maswali ya Columbia, dodoso la kupima hatari ya kujiua:

- "Umewahi kutamani ulale usiamke?"
- "Umekuwa ukiwaza kujiua?"
- "Umefikiria utafanyaje?"
- "Umekusudia kufanya hivyo?"
- "Kuna chochote umefanya au umeanza kuandaa, hasa miezi 3 hii?"

Usiulize, "Huna mawazo ya kujiua, sivyo afande?" Swali hilo linaomba "hapana", na atakupa. Akisema "Mungu anichukue tu", usipite. Muulize anamaanisha nini.

Koplo mmoja mstaafu alinijibu hapana kwa yote, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Nilikuwa nimeshafunga faili nilipoona amevaa ndara. Siku zote alikuja na buti zake za jeshi zimeng'aa. Nikamuuliza ziko wapi. "Nimempa mdogo wangu. Sitazihitaji tena." Nikafungua faili, tukaanza upya. Jioni hiyo alikubali mwenyewe kulazwa.

Hatua ya 3: Tafuta kinachomlemea na kinachomshikilia

Jaribio la awali, kukosa usingizi, pombe, maumivu yasiyoisha, kichwa kilichotikiswa na mlipuko, ndoa iliyovunjika, pensheni iliyokwama: uliza yote. Kisha muulize kuhusu wenzake waliokufa. Waliokuwa El Adde, kambi yetu huko Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab tarehe 15 Januari 2016, hubeba swali la kwa nini wao walibaki hai. Usikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu; nyamaza, amalize. Ndipo muulize ni nani au nini kimemfanya afike leo.

Hatua ya 4: Alama zisikuamulie

Hakuna dodoso linaloweza kutabiri nani atajiua. Badala ya kuandika "hatari ndogo" tu, andika ni jambo gani likitokea hali itabadilika: mke akiondoka, akirudia pombe, kesi ya shamba ikiharibika. Mwenye kusudi na mpango asiachwe peke yake hata dakika moja. Mwite daktari wa akili hapo hapo.

Hatua ya 5: Andikeni mpango wa usalama

Uwe kwa maneno yake: dalili za kwanza, anachoweza kufanya mwenyewe, watu wa kuwaendea, namba za kupiga (1199 ya Msalaba Mwekundu iwemo). Sasa mwite mke au ndugu. Kama kuna bunduki, au dawa za shamba, mkubaliane nani ataziondoa nyumbani, na lini. Dawa zake mpe za wiki moja moja. Mpango wa namna hii, pamoja na simu za ufuatiliaji, ulijaribiwa katika hospitali za wastaafu wa jeshi Marekani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha vitendo vya kutaka kujiua vikipungua kwa takribani asilimia 45 ndani ya miezi 6.

Hatua ya 6: Piga simu

Wiki ya kwanza baada ya kutoka wodini ndiyo ya hatari zaidi, na miezi 3 inayofuata si salama. Mimi hupiga siku ya 2. Siulizi kama yuko sawa. Nauliza, "Afande, usiku wa jana ulilala saa ngapi?" Nikisikia hakulala, naurudia ule ukurasa wa maswali, kuanzia juu.