Noah inayoamka betri imekufa: tafuta umeme unakovujia kabla ya kununua betri mpya

Toyota Noah ya zamani ikilala vizuri na asubuhi stata inalia "tk-tk" tu, wengi hukimbilia betri mpya. Baada ya wiki mbili nayo inakufa. Mara nyingi kuna kitu kinakula chaji gari likiwa limezimwa. Tafuta multimita (kipimo cha umeme) yenye tundu la ampea 10 na spana namba 10.

1. Pima betri kabla ya kuwasha gari. Iliyojaa husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini, usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Usipopanda, angalia kwanza alteneta (mashine inayochaji betri) na mkanda wake.

2. Ichaji ijae, kisha ilaze ikiwa haijaungwa na gari. Ikishuka yenyewe chini ya 12.4, betri ndiyo mbovu na kazi imeishia hapo.

3. Zima kila kitu, toa ufunguo. Acha wazi mlango ulio karibu na boksi la fyuzi ulifikie, ila kitufe cha taa kwenye nguzo ya mlango kibane kwa selotepu. Waya mwekundu wa mita uingie tundu la ampea 10. Fungua waya wa hasi wa betri, mita ikae katikati ya waya huo na kichwa cha betri. Usiguse swichi ya kuwashia: stata ikivuta umeme kupitia mita, fyuzi ya mita inaungua.

4. Subiri dakika 20 hadi 30. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Hiyo ni saa na kumbukumbu ya redio. Ukiona 0.4, hiyo ni sawasawa na taa moja ya wati 5 inayowaka, na betri ya Ah 45 (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba) haitamaliza siku tano. Chungulia taa ya ndani ya buti: kitufe cha mlango wa buti huingia kutu kikang'ang'ania.

5. Chomoa fyuzi moja moja, ukianza na za taa za ndani, redio na honi. Ile inayoshusha usomaji ndiyo yenye laini mbovu. Kwa magari haya mshukiwa wa kwanza ni alamu au redio iliyofungwa mtaani, waya umeunganishwa kwa kusokota tu, tena kwenye laini isiyozimika.

Fyuzi zote zimetoka na mita bado inasoma? Shika alteneta asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa na uvuguvugu, dayodi zake (vipande vinavyozuia umeme kurudi nyuma) zinavujisha. Kuthibitisha, toa kwanza waya wa hasi wa betri, fungua waya mnene wa alteneta, ufunge kwa tepu ya umeme, kisha rudia hatua ya 3.

Ukimaliza, rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti. Ukipima betri ukiwa umeuacha kwenye ampea, umepiga shoti.