Kukimbia ukubwani: nenda polepole hadi uone haya

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 21 nimekaa kwenye stuli isiyo na egemeo, mguu wa kulia ukikanyaga pedali. Kwa hiyo nilipoamua kuanza kukimbia, nikiwa na miaka 43 na kilo 86, kiungo pekee mwilini mwangu chenye mazoezi kilikuwa kifundo cha mguu huo.

Nilianza mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka mbio kama nafukuzwa, kutoka nguzo ya kwanza ya umeme hadi ya tano, nikaishia kuikumbatia hiyo ya tano huku natweta. Kesho yake nilishuka ngazi kinyumenyume. Mara ya pili nikajitia bidii, nikakimbia siku 8 mfululizo. Siku ya 9 ugoko wa kushoto uliniuma hata kusimama kupima kitambaa ikawa shida. Nikaacha kwa miezi minne. Mara ya tatu ndiyo ninayokusimulia, na ilichozidi zile mbili ni kimoja tu: nilikubali kwenda polepole mbele za watu.

Kabla ya yote, kama una maradhi ya moyo, presha au kisukari, au kifua hukubana ukipanda ngazi, muone daktari kwanza. Viatu baadaye.

Sasa ratiba. Sikuibuni mimi. Mmarekani Josh Clark aliiandika mwaka 1996, akimfikiria mama yake ambaye hakuwa mtu wa mazoezi. Ni ya wiki tisa, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku unapumzika. Wiki ya kwanza unatembea kwa haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, mara 8. Ukipiga hesabu ni dakika 20, na katika hizo umekimbia dakika 8 tu. Unamalizia kwa kutembea taratibu hadi pumzi itulie. Basi, nenda nyumbani.

Najua utakachosema: hizo ni mbio au matembezi? Nami nilisema hivyohivyo. Lakini kuchanganya kukimbia na kutembea si jambo la wavivu. Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ndivyo alivyowafundisha wanaoanza tangu 1974, na wako waliomaliza maratoni nzima, kilomita 42.195, kwa mtindo huo. Kutembea kunaupa mguu nafasi. Moyo na mapafu huzoea upesi; baada ya wiki chache tu utaona pumzi imeanza kutosha. Kano na mifupa havina haraka hiyo, vyenyewe vinataka miezi. Hapo ndipo mtego ulipo. Wiki ya tatu au ya nne unajiona una nguvu, unaongeza, na kumbe chini bado hakujakomaa. Ni kama kufunga mota mpya kwenye cherehani ambayo sindano yake imepinda: mashine inakwenda kasi, sindano inakatika.

Kasi yenyewe iweje? Kipimo cha kawaida ni kuongea: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatisha, umezidisha. Kwa kuwa nakimbia peke yangu na sitaki kuonekana naongea na miti, mimi husoma vipimo vya mteja kwa sauti ya chini. Bega kumi na sita, kifua arobaini, kiuno thelathini na nne, nyonga arobaini na nne. Nikifika nyonga na pumzi ipo, niko sawa. Nikiishia kiunoni, napunguza. Wiki ya kwanza sikuwa navuka kifua, nikapunguza, nikapunguza tena, hadi bwana mmoja aliyekuwa akitembea na simu sikioni akanipita. Alinipita akiwa anacheka na mtu wa kwenye simu, nami nikajua wananicheka mimi. Hawakuwa wananicheka, hata hakuniona. Mwendo huo ndio sahihi. Hatua fupi, miguu ikitua chini ya mwili badala ya kurushwa mbele, mabega yameshuka, ngumi hazijakazwa. Pumua kwa mdomo na pua pamoja, usijibane kwa kanuni.

Kichomi cha ubavuni kikikushika, tembea, toa pumzi ndefu huku umebonyeza pale panapouma, kitaachia. Mimi hunipata nikila na kutoka papo hapo, kwa hiyo baada ya mlo mkubwa nasubiri saa mbili au zaidi.

Kwenye mavazi niruhusu niseme zaidi, maana hapa niko nyumbani. Viatu vipime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na uwe umevaa soksi utakazokimbilia. Simama, sukuma kisigino nyuma, kisha angalia nafasi iliyobaki mbele ya kidole kirefu kuliko vyote: upana wa dole gumba. Ikikosekana nafasi hiyo, kucha zitageuka nyeusi. Yangu ya kidole cha pili iligeuka, ikang'oka baada ya wiki sita. Usidanganywe na kiatu kizuri ambacho "kitaachia mbele ya safari". Kitambaa huachia; kiatu kinachobana leo kitakuchubua kesho. Soksi zigeuze ndani nje, upapase mshono wa vidoleni kwa kidole. Ukiuhisi mkononi, mguuni utakutoa malengelenge.

Suruali yangu ya kwanza ya kukimbilia nilijishonea mwenyewe, na kwa majigambo ya ufundi nikaweka mshono wa kukunja mara mbili katikati ya mapaja, usije ukafumuka. Haukufumuka. Ulinichuna ngozi mpaka nikaenda kuoga nikiuma meno. Chagua nguo yenye mshono bapa, au isiyo na mshono kabisa sehemu hiyo, na upake mafuta ya mgando popote ngozi inapokutana na ngozi. Akina mama wenzangu, sidiria ijaribu kwa kuruka mara 10 mbele ya kioo. Ukijikuta umepeleka mikono kifuani, hiyo si yenyewe, tafuta nyingine yenye mkanda mpana wa chini; mkanda ndio unaobeba mzigo, si mikanda ya mabegani.

Maumivu yatakuja, na lazima ujue kuyatofautisha. Yapo ya kawaida: miguu yote miwili imekaza, inaanza kuuma kesho yake au keshokutwa, na ukitembeatembea inalegea. Hayo yaache yapite. Yapo mengine: upande mmoja, mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, na kadiri unavyokimbia ndivyo yanavyozidi. Hapo simama. Ugoko wangu ulikuwa hivyo, nami nikaukimbilia siku mbili zaidi kwa ubishi, nikalipa miezi minne. Mfupa ukiuma hata umekaa au usiku kitandani, nenda ukapimwe. Na kifua kikiuma au kizunguzungu kikikushika, acha papo hapo, usijiulize mara mbili.

Nirudi kwenye ratiba, kwa sababu wengi wanavunjikia mahali pamoja, nako ni wiki ya tano. Wiki ya nne unakimbia dakika 3, kisha 5, kisha 3, kisha 5, ukitembea katikati. Wiki ya tano siku ya kwanza ni dakika 5 mara tatu. Siku ya pili ni 8 mara mbili. Siku ya tatu, ghafla, ni dakika 20 bila kutembea hata hatua moja. Nilipoisoma nilidhani kuna kosa la uchapaji. Nilijaribu, dakika ya 11 nikasimama, nikarudi nyumbani nimenuna.

Nilichofanya ni kurudia wiki ya nne, mara mbili. Halafu nikajiwekea ngazi zangu katikati: dakika 10, kutembea 2, dakika 10, wiki iliyofuata 12, kutembea 1, halafu 8. Ndipo nikazirudia zile 20. Dakika ya 11 ikaja, nikapunguza mwendo hadi kukawa hakuna tofauti na kutembea isipokuwa magoti, nikasoma vipimo vya wateja watatu mfululizo. Dakika 20 zikaisha nikiwa bado kwenye nyonga ya mteja wa tatu. Nikaendelea nusu dakika nyingine kwa mshangao tu.

Ratiba ya wiki tisa mimi niliimaliza kwa wiki 14. Hakuna wa kukudai. Mwishoni unatakiwa uwe unakimbia dakika 30, na wengi huambiwa hizo ni kilomita 5. Kwangu zilikuwa kilomita 3.7. Niliudhika siku moja, kisha nikaacha, maana mwili hausomi kilomita, unasoma muda na bidii.

Ukishazipata dakika 30, kaa nazo mwezi mzima. Baada ya hapo ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama urefu wa siku moja kati ya zile tatu, ama siku ya nne, ama kasi. Kasi iwe ya mwisho. Mimi niliongeza dakika 3 kila Jumapili, na kila wiki ya nne nilirudisha chini kidogo, hadi nikafika kilomita 5 kwa dakika 41.

Ukiumwa au ukizidiwa na kazi ukakosa wiki moja, endelea ulipoishia. Ukikosa mbili au tatu, rudi nyuma wiki mbili kwenye ratiba. Mwaka jana nilikaa wiki tatu bila kukimbia, msimu wa sare za shule, usiku na mchana niko kwenye cherehani. Niliporudi nilianza na dakika 5 mara tatu, nikatembea katikati kama mgeni. Siku ya nne nilikuwa kwenye 20, na kiuno thelathini na nne kinatamkika bila kukatika.