Mashua ndogo ya plaiwudi: shona kwa waya, unga kwa epoksi

Mashua ya mtu mmoja isiyozidi mita 2.4 hutoka kwenye shiti mbili za sentimita 244 kwa 122: ya milimita 6 kwa sakafu, ya milimita 4 kwa ubavu na tezi (upande wa nyuma). Plaiwudi ikiwa nyepesi, watu wawili huibeba bila shida. Kabla ya kukata, chemsha kipande kwa saa moja. Tabaka zikiachana, shiti hiyo haifai majini.

Bana mbao mbili za ubavuni pamoja uzikate kwa mpigo mmoja, zitoke pacha. Toboa matundu ya milimita 2, sentimita 1 kutoka ukingoni, kila sentimita 15. Kwenye omo (upande wa mbele), panapopinda sana, kila sentimita 8. Shona kwa waya wa shaba. Usikaze waya wowote mpaka yote iingie.

Sasa pima. Kutoka katikati ya omo hadi kila pembe ya tezi, vipimo viwe sawa. Kisha laza fito mbili zilizonyooka, moja omoni na moja tezini, uchungulie kama ziko sambamba. Gundi ikishakauka, mashua iliyojipinda haitanyooka tena, na majini itavuta upande mmoja.

Epoksi ni gundi ya sehemu mbili, gundi yenyewe na kigumishi cha kuikausha. Zipime kama kopo linavyosema. Kuongeza kigumishi hakuharakishi kukauka. Kunaacha gundi laini. Changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sinia, kwani ikijaa kikombeni huchemka na kuganda mkononi. Vaa glavu.

Ndani, kwenye maungio, pakaza epoksi tupu kwanza, kisha ile iliyokorezwa kwa vumbi laini la mbao hadi isitiririke. Weka madonge kati ya waya. Yakikauka, toa waya (uliogoma upashe moto kidogo), ujaze kona yote kwa mviringo, na ulaze utepe wa faibaglasi wa sentimita 7.5 ingali mbichi. Nje, viringisha kona kwa msasa kabla ya utepe. Kwenye kona kali faibaglasi huinuka na kuacha hewa.

Epoksi iliyokauka huweza kuacha utando wa nta. Uoshe kwa maji kabla ya kupiga msasa, la sivyo rangi haitashika. Rangi yenyewe ni lazima, maana jua hula epoksi.

Kingo za plaiwudi zipake mara tatu: maji hupenyea hapo, na kuoza huanzia hapo. Chini ya viti ziba vyumba vya hewa, kisha ijaze mashua maji penye kina kifupi uone kama inaelea.