Kusanifu kituo cha utafiti wa misitu: anza na mbegu

Tuseme kiwanja kiko Nairobi, upande wa Gigiri, jirani na msitu wa Karura. Kabla ya kuchora chochote, kaa na watafiti.

Hatua ya 1. Uliza kila chumba kinataka hewa gani. Ofisi na ukumbi havina shida. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na madirisha yanayotazamana yanatosha kuvipoza. Mbegu na sampuli za majani makavu ndizo zinazotaka ukavu na ubaridi. Viweke vyumba vyake pamoja katikati ya jengo, kuta nene za mawe, na kipoza hewa kihudumie hapo tu. Mbegu zisizodumu ghalani, kama za mti wa muiri, zikae karibu na kitalu zipandwe mapema.

Niliwahi kuweka chumba cha sampuli ukuta mmoja na kitalu, ili watu wasitembee sana. Mvua za Aprili zilipokolea, ukungu ukaingia. Mtafiti alifunua karatasi moja baada ya nyingine mbele yangu, majani yamevaa madoa ya kijivu, bila kusema neno. Tangu siku hiyo naacha ukumbi mzima kati ya maji na sampuli.

Hatua ya 2. Laza jengo mashariki kwa magharibi. Jua la adhuhuri hapa huwa kaskazini mwezi Juni na kusini Desemba, kwa hiyo pande zote mbili zinahitaji kivuli. Kwa dirisha la mita 1.5, paa litokeze sentimita 90. Ukuta wa magharibi upe stoo na vyoo.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mvua ikiwa milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 180,000 kabla ya zinazopotea. Tangi lipimwe kwa kiu ya kitalu kuanzia Juni hadi Septemba, si kwa nafasi iliyobaki uani.

Hatua ya 4. Jenga kwa mbao za hapa. Saiprasi kwa kenchi, mikaratusi iliyotiwa dawa kwa nguzo za baraza. Kila nguzo isimame juu ya kikalio cha chuma, sentimita 30 kutoka ardhini, pasipo maua wala plasta ya kukifunika. Mchwa akipanda, atajenga njia yake ya udongo juu ya chuma, na mlinzi wa asubuhi ataiona.